Muulizaji wa Dada Mkubwa

Nyumba ile haikujua kunong'ona. Hata siku za kawaida ukipita barabarani ungesikia nani kamnunia nani na kwa nini. Sembuse asubuhi ya mwaka mpya, ukoo mzima umejazana sebuleni, viti vya jirani vimeazimwa, na viatu vimerundikana mlangoni kana kwamba wenyewe wamekimbia moto.

Dada Mkubwa alikuwa jikoni akimimina chai, na mkono wake ulikuwa unakosa vikombe. Hilo lilikuwa jambo la ajabu. Mkono huo ndio uliowashonea sare watoto wa mtaa mzima. Uliweza kupanga mikunjo ya sketi bila rula na kukata kola mtu akiwa anapiga naye soga. Leo ulishindwa na birika.

"Unamwaga," sauti ilisema nyuma yake.

Hakugeuka. Alijua akigeuka atamtazama, na akimtazama hatajua tena alichokuwa anafanya.

"Wageni wanakaa sebuleni," alisema.

"Mimi mgeni? Friji hiyo unayoiegemea nimeifungua mpaka naijua ndani kama mfuko wangu. Mama yako akisikia sauti yangu uani anajua gesi imekwisha."

Alikuwa fundi wa mafriji, na mtaa ulimpachika jina la Baridi. Jina lenyewe lilimkaa vibaya, maana hakukuwa na mtu mwenye joto la moyo kama yeye. Angesimama juani nusu siku kumsubiri bibi asiyemjua atoke dukani, amsaidie kubeba mfuko. Kusubiri ndiko alikojaliwa. Na kwa Dada Mkubwa alikuwa amesubiri hadi watu wakachoka kumcheka.

Akageuka. Baridi alikuwa amevaa shati jeupe ambalo Dada Mkubwa mwenyewe ndiye aliyemshonea, limenyooshwa mpaka mikono imesimama. Macho yao yakakutana, na kwa kitambo hakuna aliyekumbuka chai.

"Umenyoosha shati," alisema Dada Mkubwa, kwa kukosa la kusema.

"Nina neno leo."

"Baridi, nakuomba." Aliweka birika chini. "Usiseme mbele za watu. Unamjua mdogo wangu Bosi, atapandisha mori, Mama presha itapanda, mwaka utaanza na kilio."

"Unajua ninachotaka kusema?"

"Nani asiyejua? Umewaleta wazee wako mara mbili."

"Wakanywa soda wakarudi. Mjomba wangu alisema bora tungepeleka posa kwa mti, mti ungetikisa hata jani." Alitabasamu, lakini macho yake hayakushiriki. "Bosi alikataa kwa mdomo wake. Mama alikataa kwa mdomo wake. Wewe ulisema nini?"

"Nilisema tungoje Mama apate nafuu."

"Ulisema getini, wazee wameshapanda gari. Sebuleni ulikuwa unapitisha vikombe."

Dada Mkubwa akachukua kitambaa, akapangusa chai iliyomwagika. Mtu anaweza kukuambia kweli kwa sauti ya upole ikakuumiza kuliko tusi.

"Nyie!" Shangazi alikuwa ameingia, gauni lake la kung'aa limeziba mlango mzima. "Chai mnaichuma shambani? Watu wamekaukiwa makoo huko!" Akamtazama Baridi kuanzia viatu mpaka kola, akamkonyeza Dada Mkubwa. Baridi alipotoka, akamsogelea mpwa wake sikioni. Alidhani ananong'ona. "Mwanamume hanyooshi mikono ya shati bure, mwanangu. Leo ndiyo leo. Mimi kigelegele nimekiweka hapa kooni, kinaniwasha."

Dada Mkubwa akainua sinia.

*

Kikao cha kila mwaka mpya kilianzishwa na marehemu baba yao. Alikuwa mwashi, na hakuwa na subira na watu wa maneno matupu. Kila mwaka mpya, kabla mtu hajatia kitu mdomoni zaidi ya chai, kila aliyemo ndani ya nyumba husema jambo moja atakalofanya mwaka huo. Moja tu. Tena liwe la mkononi mwake. "Usiniambie utapata," mzee alikuwa akikemea. "Kupata kuna mwenyewe. Niambie utafanya nini."

Halafu ukishasema, unachagua muulizaji. Huyo ana haki ya kukuuliza umefika wapi, mahali popote, saa yoyote, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Naye akichaguliwa hana ruhusa ya kukataa. Mwaka fulani Shangazi alimfuata Bosi katikati ya harusi ya watu, sahani iko mkononi, akamuuliza mbele ya wakwe, "Na zile sigara je?" Tangu siku hiyo Bosi hakumchagua tena.

Muulizaji anayependwa kuliko wote alikuwa Dada Mkubwa. Alikuwa anauliza kwa huruma, wala hasahau. Lakini zamu yake mwenyewe ilipofika, kila mwaka, alikuwa ama ameinuka kuongeza maji ya moto, ama anamweka Mama mto mgongoni. Mama humsemea. "Huyu wangu atanitunza," husema, wote huitikia, kikao huendelea. Muulizaji hawakumtafutia. Nani anauliza kama jua limechomoza?

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Tangu kiharusi kimpige, mkono wake wa kushoto ulikuwa unalala mapajani kama mtoto wa mwenzie aliyeachiwa amshike. Dada Mkubwa ndiye aliyemwogesha, akamvisha, akamchana nywele. Asubuhi ile alikuwa amemvisha kitenge kipya, na Mama akasema kinabana, akamvua, akamvisha kile cha zamani.

"Haya, tuanze," Bosi alisema. Huyo alikuwa mtoto wa pili, karani wa bohari, anayeishi na mkewe mtaa wa pili. Jina la Bosi alipewa angali mdogo kwa kupenda kuwatuma wenzake, na ukubwani hakulitia aibu. "Mwenye mdomo mdogo aanze."

Kitinda, mtoto wa mwisho, aliyekuwa anasomea uuguzi, akasema atafanya ule mtihani alioukimbia. "Hata nikifeli, nitakuwa nimeingia chumbani na kalamu yangu. Muulizaji wangu Dada Mkubwa."

"Mimi nitaacha sigara," alisema Bosi.

"Tena?" watu wakaangua kicheko.

"Tena! Muulizaji wangu Dada Mkubwa. Na wewe Shangazi usinitazame hivyo."

Shangazi akajiweka sawa kitini. "Mimi mwaka huu sitatoa habari ya nyumba hii kuipeleka nyumba ile."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo!"

"Mwaka jana nilisema nitapunguza. Na nilipunguza. Kwa mama wa kona sikwenda wiki nzima."

"Alikuwa amesafiri, Shangazi," alisema Kitinda, na hata Mama akacheka, ule mcheko wake wa upande mmoja.

Kisha kicheko kikafifia chenyewe, kwa sababu Baridi alikuwa amesimama.

Shangazi akashika koo. Bosi akakunja uso. Dada Mkubwa, aliyekuwa kwenye kistuli karibu na mlango wa jikoni, akainamisha macho kwenye sinia tupu.

"Nashukuru kualikwa," Baridi alianza. "Nyumba hii ina desturi nzuri. Nimeisikia kwa Dada Mkubwa kabla sijaiona, na nimekuwa nikiifuata kimyakimya kwangu. Kila mwaka mpya nilijiambia jambo moja: mwaka huu nitamwoa."

"Ndiyo baba!" Shangazi hakujiweza.

"Lakini mzee wenu angenikemea," aliendelea, wala hakumtazama Shangazi. "Hilo halikuwa la mkononi mwangu. Nilikuwa naliita lengo, kumbe ni dua. Mtu anaweza kuomba dua mpaka akazeeka, akadhani anafanya kazi." Akanyoosha mkono wa shati. "Mwaka huu nimetafuta la mkononi. Kiwanda cha maziwa cha mji mwingine kinataka fundi wa vyumba vya baridi. Nimekubali. Jumamosi naondoka. Lengo langu ni kuacha kungoja."

Kigelegele cha Shangazi kilimfia kooni, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu aliyepaliwa.

Bosi ndiye aliyekurupuka kwanza. Uso wake ulikunjuka, akasimama, akanyoosha mkono. "Umesema kiume. Hongera sana, shemeji."

Baridi aliutazama ule mkono. "Leo ndiyo unaniita shemeji?"

Bosi akaurudisha mkono mfukoni, akakaa.

"Na... muulizaji wako?" Kitinda aliuliza kwa sauti ndogo. Desturi ni desturi, na hakuna mwingine aliyethubutu.

Baridi akageuza kichwa. Alimtazama Dada Mkubwa kama mtu anayetazama nyumba aliyokulia kabla ya kufunga mlango: polepole, kila pembe.

"Yeye," alisema. "Kila mwezi ukiisha aniulize kama bado nangoja. Nitamjibu kweli."

"Huwezi kunipa mimi hilo." Sauti ya Dada Mkubwa ilitoka kavu.

"Muulizaji hakatai."

"Baridi, mchague mtu mwingine. Mchague Shangazi. Unanipa kisu nijikate mwenyewe!"

"Hakuna mwingine ambaye siwezi kumdanganya," alisema, akakaa.

Dada Mkubwa alisikia machozi yakipanda, na miguu yake ikafanya ilichozoea: ikasimama. Akazoa vikombe. Vingine vilikuwa vimejaa, akavizoa hivyo hivyo, akaelekea jikoni. Kule angewasha maji, angeosha kitu, angekuna sufuria mpaka kifua kitulie. Nyuma yake alisikia Bosi akisema kwa haraka, kama anayefunika chungu kinachofoka, "Haya, tumalize. Mama."

"Mimi nitameza dawa bila kugombana na mtu," Mama alisema. "Na huyu wangu, kama kawaida, atanitu..."

"Mama."

Dada Mkubwa alikuwa amesimama kizingitini, amewapa mgongo, sinia mikononi.

"Leo nitasema mwenyewe."

"Chai inapoa, Dada," alisema Bosi.

"Ipoe." Akageuka. Hakuna aliyempokea sinia, akaliweka sakafuni. "Mwaka huu nataka..."

"Kutaka si kufanya," Bosi alidakia. Lilimtoka kwa mazoea, maskini, sauti ya baba yake ilivyokuwa imemkaa mdomoni.

Dada Mkubwa akamtazama, na ikawa kama kicheko kidogo kimempitia usoni. "Kweli kabisa. Ahsante, Bosi."

Ndani yake alikuwa analipima neno moja baada ya jingine kama anavyopima kitambaa kilichobaki kidogo, ambacho ukikosea kukata hakuna kingine. Nitaolewa? Hilo halikuwa lake peke yake, na mwenzake alikuwa ameshasema lake. Mama atapona? Hilo alikuwa amelibeba mwaka baada ya mwaka, akaliita lengo, na kwa jina hilo akamweka mtu mzima getini anasubiri. Na yeye pia alikuwa anaomba dua tu.

"Mwaka huu nitatoka kwenye nyumba hii," alisema. "Sare za kufungulia shule zikiisha, nitapanga chumba, nihamie na cherehani yangu. Nitakuja kumwogesha Mama siku zangu. Bosi atakuwa na siku zake, Kitinda zake. Sijasema naolewa. Mwenye kunioa ameshachoka, na sina uso wa kumwambia angoje tena. Nasema nitatoka, awepo wa kunipokea asiwepo."

"Umerogwa?" Bosi alikuwa ameshasimama. "Mama unamwachia nani?"

"Mama ana watoto watatu."

"Mimi nina kazi! Nina mke!"

"Na mimi nina kazi. Ulidhani zile sare zinajishona zenyewe? Nimekosa mume kwa sababu ile ile iliyokupa wewe mke, Bosi. Ulikwenda ukaoa, ukaniachia zamu yako, na mimi nikaishika bila kukuuliza. Kosa ni letu sote wawili. Ila langu nimelichoka."

Bosi akamtazama mkewe kutafuta msaada. Mkewe akawa anatazama dari.

"Unanitupa," Mama alisema.

Hakuisema kwa ukali. Aliisema chini, akiangalia ule mkono wake wa kushoto, na ndiyo maana ilimpenya Dada Mkubwa. Akavuka sebule, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Sikutupi, Mama. Nikikutupa mkono wangu ukatike. Lakini nimeanza kukutazama asubuhi nikiwa na hasira, na wewe hujanikosea kitu. Nakuchana nywele, moyo wangu uko getini. Hujui?"

"Najua," Mama alisema. "Unavuta sana kitana."

Hakuna aliyecheka.

"Dada," Kitinda aliita, sauti inamtetemeka. "Muulizaji."

Macho yote, kama yamevutwa na uzi mmoja, yakaenda kwa Baridi. Alikuwa ameinua uso. Lile tumaini alilodai amelizika lilikuwa limefufuka machoni mwake, wazi, mbele ya ukoo mzima, na Shangazi akaanza kulia kwa kuliona tu.

Dada Mkubwa naye aliliona. Kumtaja ilikuwa rahisi mno. Jina lilikuwa limeshafika ulimini.

"Mama," alisema.

"Nini?"

"Muulizaji wangu ni wewe."

Baridi akainama.

"Nikimchagua yeye," alisema Dada Mkubwa, sasa anamsemesha Mama lakini kila mtu alijua anamwambia nani, "nitakuwa nimempa tena kazi ya kungoja. Kila mwezi aniulize, kila mwezi nimwambie bado kidogo. Nimeshamla miaka. Sitaki kumla mwaka mwingine."

"Na mimi?" Mama aliuliza. "Mimi ndiyo nikuulize unaniacha lini? Nikikuuliza ukaniambia bado, nifurahi au nisikitike?"

"Sijui, Mama. Uliza tu."

Muulizaji hakatai. Ilikuwa desturi ya mumewe, na Mama hakuwahi kuivunja hata siku moja. Nje, mtoto wa watu alikuwa anapiga mpira ukutani. Mama akainua mkono wake mzima, akafuta uso wa binti yake kwa kiganja, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto mdogo aliyekula ovyo.

"Chumba utatafuta wapi?" aliuliza.

"Karibu. Hapo nyuma ya kisima. Niwe nasikia hata ukikohoa."

Mama akatikisa kichwa. Midomo yake ilihangaika kulitoa neno, na wote walidhani ni ule ugonjwa.

"Ukinisikia nikikohoa," alisema, "hujatoka. Tafuta mbali kidogo."

*

Alimsindikiza Baridi mpaka getini. Walitembea bila kugusana, na ua ule mdogo ukawa mrefu.

"Jumamosi bado?" aliuliza Dada Mkubwa.

"Bado. Nimesema mbele za watu."

"Sikuombi ubaki."

"Najua. Ungeniomba ningebaki, halafu tungerudi pale pale." Alishika komeo la geti, asilifungue. "Uliponiacha ukamtaja Mama, nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Kisha nikakusikia ukisema sababu." Akavuta pumzi. "Hujawahi kunisemea mbele ya watu. Leo umenisemea, na papo hapo umenikosesha nilichokingoja."

"Nisamehe."

"Sijasema kwa ubaya."

Dada Mkubwa alitaka kumgusa pale shati lilipojikunja begani; kidole kimoja kingetosha kulinyoosha. Akajizuia.

"Mwezi ukiisha nitakuuliza," alisema.

"Uliza."

"Usinijibu la kunifurahisha."

"Nilishasema nitajibu kweli." Akafungua geti. Alipofika upande wa pili alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane ni yeye aliyekuwa nje akienda bila kungoja kitu, na Dada Mkubwa aliyekuwa ndani akitazama. "Na wewe utafute hicho chumba," alisema. "Hata kama jibu langu litakuwa baya."

"Nitakitafuta hata kama jibu lako litakuwa baya."

Akaondoka. Dada Mkubwa alilia pale pale, amejibanza ukutani, mpaka kilio kikaisha chenyewe. Kisha akajipangusa kwa upindo wa kanga, akarudi ndani.

Sebuleni wageni walikuwa wamepungua. Mama alikuwa amegeuziwa kiti, kilemba chake kimevuliwa, na nyuma yake amesimama Bosi, jasho linamtiririka, ameshika kitana kama mtu aliyeshika nyoka mkia.

"Polepole!" Mama alikuwa anafoka. "Hicho ni kichwa, si gunia la bohari!"

"Ndiyo najaribu, Mama. Nywele zenyewe zinakimbilia wapi?"

"Anzia nchani, wewe! Nchani!"

Vidole vya Dada Mkubwa vilimwasha. Alijua mahali ambapo nywele zile zinafungamana, nyuma ya sikio la kushoto, na jinsi ya kuzishika mashinani ili zisiume. Hatua chache tu, angemnyang'anya kitana, kazi ingekwisha, Mama angetulia. Akapiga hatua ya kwanza.

"Usije," Mama alisema bila kugeuka, macho yamefumbwa kwa maumivu. "Mwache ajifunze."